Mume kapunguzwa kazi, mimi ni mwalimu: nimkopee mtaji kwa mshahara wangu?

Mama Wawili: Habari za jioni wadau. Mume wangu kapunguzwa kiwandani baada ya miaka 6 na miezi kadhaa. Mimi ni mwalimu wa serikali, mshahara wa msingi 900,000. Anataka nikope benki afungue duka la vifaa vya ujenzi. Nyumba tumepanga, na watoto wawili wanasoma. Naombeni ushauri.

Msoma Slipu: Dada, anza na slipu yako. Kwa 900,000 PSSSF (mfuko wa pensheni) wanachukua 45,000, NHIF (bima ya afya) 27,000, CWT (chama cha walimu) 18,000, PAYE (kodi ya mshahara) 91,750. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ongeza asilimia 15, yaani 135,000. Unabaki na 583,250. Sheria inataka theluthi ya mshahara ibaki, kwa hiyo benki inaweza kukata hadi 283,250 kila mwezi. Ikikata yote, kodi ya nyumba, chakula na nauli vinatoka kwenye 300,000. Duka likiyumba mwezi wa nne, makato hayasimami, maana aliyekopa ni wewe.

Kijana wa Kariakoo: Mi naona akope tu. Mwanaume kukaa nyumbani ni mateso, na biashara inalipa.

Mdau wa Ajira: Mkuu, taratibu. Mtaji wa kwanza ni stahiki zake mwenyewe. Aliyepunguzwa anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, notisi ya siku 28 kama hakupewa, likizo ambayo hajaichukua, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka 6 ni siku 42. Ile miezi ya juu haihesabiwi. Kama aliajiriwa kutoka mkoa mwingine, kuna na usafiri wa kumrudisha. Pia adai cheti cha utumishi, atakihitaji akiomba kazi kwingine.

Kisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii anaochangia, kuna fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, ila asiwe ameacha kazi kwa hiari. Ndiyo maana barua iseme wazi kwamba kapunguzwa. Wengi hukwama hapo, au kwa sababu mwajiri hakupeleka michango yote, hivyo achukue taarifa ya michango mapema. Fedha hiyo ibebe chakula wakati mnapima biashara.

Nesi wa Wilaya: Bima yake ya kazini inakwisha na ajira. Mwandikishe kama mwenza kwenye NHIF yako: cheti cha ndoa, NIDA, picha, fomu ipitie kwa mwajiri wako. Mchango wako unabaki asilimia 3 ile ile. Msisubiri mtu augue.

Mwanasheria Mtaani: Na lijulikane hili: kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 mke halazimiki kumtunza mume, isipokuwa maradhi au ulemavu umemzuia kujitafutia. Ukikopa, ni kwa ridhaa yako. Ukiridhia, jina lako liwe kwenye leseni ya biashara na kwenye mkataba wa fremu.

Mama Wawili: Asanteni sana. Ofisini kwao wamempa fomu ya kusaini kwamba kalipwa na hadai chochote. Wanasema asiposaini hapati hela.

Mdau wa Ajira: Asisaini kabla hajaona mchanganuo, kila stahiki na kiasi chake. Ikipungua, aandike kwa mkono juu ya sahihi, "nimepokea shilingi kadhaa, nadai zilizobaki," na abaki na nakala. Kama anapinga kupunguzwa kwenyewe, ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka Fomu Na. 1 CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi), madai ya malipo pekee ni siku 60. Nakala aanze kumpa mwajiri, agongewe muhuri wa kupokea, ndipo apeleke CMA. Akichelewa itabidi aombe kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 na kueleza sababu, na sababu dhaifu hukataliwa. Barua yake ina tarehe gani?