Ombi la kupinga kifungo mahakama ya shirikisho Marekani: laweza kusimama likisubiri mahakama za jimbo?

Bi wa Wete: Assalaamu alaykum. Mtoto wa marehemu dada yangu anatumikia kifungo katika jimbo moja la Marekani, na bila wakili amefungua katika mahakama ya shirikisho ombi la habeas corpus, yaani la kupinga uhalali wa kifungo chake, lenye hoja mbili. Ya kwanza ilishafika hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Ya pili, kwamba wakili aliyemtetea hakumwita shahidi muhimu, haijapata kusikilizwa huko. Kwa sababu hiyo wakili wa serikali ya jimbo anataka ombi zima litupwe. Je, haliwezi kusubiri pale lilipo?

Karani wa Vuga: Waalaykumu salaam, Bi. Njia ipo, ila ni nyembamba. Katika Rhines dhidi ya Weber ya 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimruhusu jaji kulisimamisha ombi lililochanganyika namna hiyo, iwapo mfungwa ana sababu ya msingi ya kutoipeleka hoja jimboni mapema, hoja yenyewe si ya bure, na hakuna dalili kwamba anachelewesha makusudi. Wengi hukwama kwenye sharti la kwanza, kwa kuwa Mahakama haikufafanua sababu ya msingi ni ipi. Kusema tu kwamba hakujua sheria mara nyingi hakutoshi. Aeleze kwa kiapo ni nini hasa kilichomzuia, na kama hakuwa na wakili katika hatua ya jimbo baada ya rufaa, alitaje hilo waziwazi.

Bi wa Wete: Na likitupwa, si atafungua jingine? Huku kwetu shauri likiondolewa kwa kasoro, watu hulirekebisha wakarudi nalo.

Mwanafunzi, Tunguu: Hapo ndipo penye hatari, Bi. Tangu sheria ya 1996 kuna ukomo wa mwaka mmoja wa kufungua ombi kama hili, ambao kwa kawaida huanza hukumu inapokuwa ya mwisho. Maombi yaliyofunguliwa ipasavyo jimboni huusimamisha mwaka huo, lakini ombi la shirikisho haliusimamishi, kama ilivyoamuliwa katika Duncan dhidi ya Walker, 2001. Kwa hiyo likitupwa leo, huenda atakaporudi mlango umeshafungwa. Anaweza pia kuiondoa hoja ya pili na kuendelea na ya kwanza, ingawa akifanya hivyo huenda asiweze tena kuirudisha.

Karani wa Vuga: Naongeza: ombi la kusimamisha aliandike sasa, asingoje uamuzi. Akikubaliwa, atabaki gerezani kama kawaida, na jaji atampa muda mfupi, mara nyingi siku 30, wa kwenda jimboni, na mwingine kama huo wa kurejea baada ya jimbo kumaliza. Mfungwa asiye na wakili huhesabiwa amewasilisha hati yake ya shirikisho siku anapomkabidhi ofisa wa gereza aipeleke posta, basi abaki na nakala yenye tarehe hiyo.