Mkesha wa Pasaka kigangoni: moto wakati wa masika, mshumaa, na taa ziwashwe lini?

Katibu_Liturujia

Tumsifu Yesu Kristu.

Paroko ameturuhusu mwaka huu tuadhimishe Mkesha wa Pasaka hapa kigangoni (kanisa dogo chini ya parokia) kwa mara ya kwanza. Padre tunaye, shemasi hatuna. Kanisa linachukua watu 500 hivi, wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) watu wazima ni 11. Tuko pwani, kwa hiyo Aprili ni masika.

Naomba msaada kwa haya. Moto tuuwashie wapi na kwa kuni gani mvua ikinyesha? Mshumaa wa Pasaka wa mwaka jana haujaungua hata nusu, je, tubandike tu stika ya mwaka mpya? Bila shemasi, nani aimbe Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu wa kuutangaza usiku huu mshumaa ukishafika mbele? Na taa za umeme: kamati imegawanyika, wengine wanasema ziwashwe baada ya "Mwanga wa Kristu" ya tatu, wengine wanasema tusubiri Utukufu, yaani wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu" baada ya masomo ya Agano la Kale.

Msakristia_wa_Zamu

Milele Amina, ndugu Katibu. Naanza na mshumaa kwa sababu huo lazima uagizwe mapema.

Wa mwaka jana haufai, hata kama umebaki karibu mzima. Waraka wa Roma wa 1988 kuhusu maandalizi na maadhimisho ya Pasaka unataka mshumaa uwe wa nta, uwe mpya kila mwaka, uwe mmoja tu, na uwe mkubwa wa kutosha kuonekana kama alama ya Kristu mwanga wa ulimwengu. Wa bandia umekataliwa, kwa hiyo lile bomba la plastiki lenye mafuta ndani nalo lisahauni. Stika ya 2026 juu ya 2025 inaonekana hata kutoka benchi la tatu, na ni aibu kuibariki.

Msikimbilie urefu. Mshumaa wa nta wa sentimita 90 wenye kipenyo cha sentimita 8 una uzito wa kilo 4 na ushee, na mbebaji atauinua juu mara tatu gizani, tena huku nta inadondoka. Kabla ya kulipa, pima tundu la kinara chenu. Wengi wanakwama hapo: mshumaa unafika altareni, hauingii kwenye kinara, na mtumikiaji anaanza kuuchonga kwa kisu huku watu wote wamesimama. Ujaribuni Jumamosi asubuhi, kinara kikiwa mahali pake, yaani karibu na mimbari au katikati ya patakatifu.

Asubuhi hiyohiyo toboeni tundu tano za punje za ubani kwa msumari uliopashwa moto. Ukilazimisha kutoboa nta baridi, inapasuka kwa urefu. Utambi uwasheni kwa dakika tano kisha mzime, kwa sababu utambi mpya uliozama kwenye nta hushika kwa shida, sembuse kwenye upepo wa pwani. Usiku padre atachora msalaba, mstari wa wima kwanza kisha wa kulala, Alfa juu, Omega chini, halafu tarakimu za mwaka: 2 juu kushoto, 0 juu kulia, 2 chini kushoto, 6 chini kulia. Punje za ubani zina mpangilio wake: juu, katikati, chini, ndipo kushoto na kulia. Watumikiaji wanaomshikia padre sahani hupenda kumpa kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Wachoreeni kwenye karatasi.

Sasa moto. Tafuteni nusu pipa la chuma, liwekeni juu ya matofali hatua kumi au kumi na tano kutoka mlangoni, upande ambao upepo hautapuliza moshi ndani. Kuni zilale ndani ya sakristia wiki mbili kabla. Nyinyi wa pwani mna vifuu vya nazi: vinashika haraka, vinawaka kwa mwali mkubwa na kuacha makaa mazuri. Bara wana magunzi. Msimwage petroli. Inalipuka mara moja, inaweza kurukia alba (kanzu nyeupe ya ibada) ya mtu, na harufu yake itafunika ubani. Vibanzi vikavu na vifuu vinatosha.

Jambo linalosahaulika ni makaa ya chetezo. Yanatakiwa yatoke kwenye moto huo uliobarikiwa, lakini moto uliowashwa dakika tano zilizopita una mwali tu, makaa hauna. Kwa hiyo uwasheni dakika 20 kabla, na pembeni mwa pipa pangeni vipande sita vya mkaa wa kawaida. Koleo refu liwepo, na ndoo ya mchanga. Padre awe na tochi ndogo ya kusomea Misale (kitabu cha sala na taratibu za Misa), ishikwe na mtumikiaji mmoja asiye na kazi nyingine.

Msiuwashe chini ya turubai la harusi. Mvua ikiwa ya rasharasha, banda la mabati lililo wazi pande zote linatosha. Ikimwagika kweli, Misale imetoa nafasi: pale moto usipowezekana, kubariki kunapangwa kulingana na hali. Watu wanakaa ndani, padre na watumikiaji wanakwenda mlangoni na mshumaa, watu wanageukia mlango kadiri wanavyoweza. Chungu cha moto mdogo barazani kitatosha. Amueni nusu saa kabla, msisubiri watu waanze kulowa.

Mwalimu_wa_Kwaya

Kuhusu taa, waliosema baada ya "Mwanga wa Kristu" ya tatu wako sahihi. Misale inaeleza hivi. Mlangoni mbebaji anauinua mshumaa na kuimba mara ya kwanza, na padre anawasha mshumaa wake. Katikati ya kanisa mara ya pili, na watu wote wanawasha yao. Mbele ya altare, akiwageukia watu, mara ya tatu, ndipo taa za kanisa zinawashwa. Kinachosubiri Utukufu ni mishumaa ya altare. Nadhani mkanganyiko umetoka hapo: mtu alisoma "mishumaa" akaelewa "taa".

Najua parokia nyingi hukaa gizani mpaka Utukufu, na watu wanapenda. Lakini fikirieni masomo saba yakisomwa kwa tochi ya simu, msomaji anakosa mstari, bibi wa safu ya nyuma anasinzia. Mwanga umeshaingia na Mbiu imeshautangaza. Kurudi gizani baada ya hapo kunavuruga alama yenyewe.

Awepo mtu mmoja kwenye swichi kuu, anayejua ishara ni ipi. Na tafadhali, taa za ulinzi za nje zinazojiwasha zenyewe giza likiingia zizimwe kabisa. Unaweza kuwa na moto mzuri kuliko wote jimboni, ukamezwa na taa ya ukutani ya wati 100.

Mbebaji: kama hakuna shemasi, mhudumu mwingine anayefaa anabeba mshumaa na kuimba. Mbiu ya Pasaka huimbwa na shemasi au padre, na ikibidi mwimbaji mlei. Mlei akiimba anaruka vitu viwili: sehemu fupi katika mwaliko wa mwanzo ambapo mwimbaji anajiombea mwenyewe kwa kuwa amehesabiwa miongoni mwa wahudumu, na salamu ya "Bwana awe nanyi". Pigieni mistari hiyo penseli kwenye nakala yake. Kama padre hana sauti lakini anataka kuimba, iko Mbiu fupi. Ndefu inachukua kama dakika 10, na watu wamesimama na mishumaa inayodondoka muda wote huo. Kila mshumaa uvishwe kikaratasi kigumu cha duara. Wafundisheni pia kuwashiana: mwenye moto asimamishe wake wima, asiye na moto ndiye ainamishe. Wakifanya kinyume, nta yote iko kwenye kanga ya jirani.

Sasa kwaya, na hapa najua nitachukiwa. Tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu kengele zimenyamaza, na vyombo vinaruhusiwa kusindikiza sauti tu. Kwa hiyo wakati wa kuingia na mshumaa hakuna wimbo wa maandamano, hakuna ngoma. Kuna "Mwanga wa Kristu", "Tumshukuru Mungu", na ukimya wa nyayo. Zaburi baada ya masomo ziimbwe na mtu mmoja na kiitikio, kinanda kwa mbali. Somo la saba likiisha na sala yake, mishumaa ya altare inawashwa, padre anaanzisha Utukufu, ndipo mfungulie kila kitu: kengele, ngoma, kayamba, vigelegele. Ngoma ikiwa imepigwa tangu mlangoni, Utukufu hauna pa kupanda.

Aleluya baada ya Waraka (somo la barua ya Mtume Paulo, kabla ya Injili) huanzishwa na padre mara tatu, kila mara akipandisha sauti hatua moja. Mpeni noti ya chini kabisa ya kuanzia. Akianza juu, ya tatu hafiki. Na wakati wa Injili ubani upo, mishumaa ya kusindikiza haibebwi.

Katekista_Bara

Nyongeza kuhusu masomo, maana kamati zikishikwa na haraka hukata hapo. Agano la Kale yako saba, kisha Waraka na Injili. Kwa sababu za kichungaji yanaweza kupunguzwa, lakini yasipungue matatu kutoka Agano la Kale, yakiwemo ya Sheria (vitabu vya Musa) na ya Manabii, na Kutoka sura ya 14 halirukwi kamwe. Somo hilo huishia pale Musa na wana wa Israeli wanapoanza kuimba, kwa hiyo mwimbaji wa zaburi awe ameshasimama karibu na mimbari. Akitoka kwenye benchi lake wakati huo, uzi umekatika. Somo la uumbaji (Mwanzo sura ya 1) lina njia fupi, na la Abrahamu pia. Afadhali kufupisha hayo kuliko kufuta mawili ya manabii.

Wakatekumeni 11 ni wengi kwa mara ya kwanza, lakini si tatizo mkipanga. Padre anayembatiza mtu mzima ana mamlaka kisheria ya kumpa Kipaimara palepale, na anapaswa kufanya hivyo isipokuwa kuna sababu nzito. Msiwaweke kiporo mpaka askofu aje. Maana yake Krisma (mafuta matakatifu ya Kipaimara) mpya iliyowekwa wakfu kwenye Misa ya Krisma iwe imeshafika kigangoni, na chupa iwe na lebo. Mafuta ya wakatekumeni na Krisma yakikaa kwenye vichupa vinavyofanana bila maandishi, mtachanganya. Limao na mkate wa kufutia vidole vya padre viwekwe pamoja na taulo.

Kagueni orodha tena. Aliyebatizwa kwa Walutheri au Waanglikana si mkatekumeni, habatizwi mara ya pili. Anapokewa katika ushirika kamili na Kanisa Katoliki, na ni vizuri afanyiwe siku nyingine ili watu wasidhani amebatizwa upya.

Litania ya Watakatifu huimbwa watu wakiwa wamesimama, kwa kuwa tumeshaingia kipindi cha Pasaka. Katika kubariki maji, padre anaweza kushusha mshumaa ndani ya maji mara moja au mara tatu, kwa hiyo chombo kiwe na kina. Beseni la kunawia halitoshi: mshumaa unagonga chini na kuinama. Pipa safi la lita 100 lililofunikwa kitambaa cheupe linafaa, na linatosha kunyunyizia na kupeleka maji nyumbani. Watu wasiruhusiwe kuchota kabla ya Misa kuisha, mtaona vurugu.

Paroko_Msaidizi_Kusini

Wapendwa, kabla ya kwenda mbali. Waraka huohuo wa 1988 unasisitiza jumuiya ndogo zikusanyike kanisa kubwa kwa siku hizi tatu kuu, kuanzia Alhamisi Kuu, pale ambapo hakuna wahudumu na waimbaji wa kutosha. Mna watu 500, sawa, inawezekana. Lakini kama Ijumaa Kuu mtakuwa na watumikiaji wanne na mwimbaji mmoja, muulizeni paroko tena.

Saa ni jambo la pili. Mkesha hauanzi kabla ya usiku kuingia, na lazima uishe kabla ya mapambazuko ya Jumapili. "Saa 12 jioni ili watu wawahi usafiri" hairuhusiwi. Dar mwanzoni mwa Aprili jua linazama karibu saa 12 na nusu, Kigoma kama dakika 40 baadaye, na giza la kweli linahitaji dakika 45 hivi zaidi. Kwenu pwani anzeni saa 1:30 au saa 2 usiku. Mkisoma masomo yote na kubatiza 11, hesabuni saa tatu. Jumuiya zikodi magari ya kuwarudisha watu, hilo nalo ni sehemu ya maandalizi.

Katibu_Liturujia

Asanteni sana, na wewe Padre asante, nitarudi kwa paroko na idadi ya watumikiaji. Swali la mwisho: mshumaa ukizimika kati ya moto na mlango? Upepo wa bahari hapa si wa kawaida. Tuwe na kiberiti?

Msakristia_wa_Zamu

Kiberiti kibaki mfukoni. Mara tu moto ukisha kubarikiwa, mtumikiaji mmoja awashe taa ya chemli kutoka humo, atembee nayo nyuma kabisa ya maandamano, kioo kimefungwa na utambi umeshushwa. Mshumaa ukizimika, mwali wa kuuwashia unatoka kwenye moto uleule. Pamoja na chemli abebe kijiti chembamba kirefu kilichopakwa nta, maana mkono hauingii kwenye kioo cha chemli bila kuungua. Na mafuta ya taa yajazwe mchana, isiwe wakati wa kuwasha.

Mbebaji asitembee haraka. Mishumaa mingi ya Pasaka huzimwa na mwendo wa mbebaji kabla hata upepo haujaifikia.