Naomba ushauri: kompyuta za ofisi zinazozunguka vijijini msimu wa korosho

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nasimamia kompyuta za kampuni inayonunua korosho. Msimu ukianza, kompyuta mpakato 12 zinaondoka na maafisa wetu kwenda Newala, Tandahimba na Masasi, na hazirudi mpaka minada iishe. Huko wanatumia intaneti ya simu au ya gesti.

Shida ni kwamba seva yetu ya masasisho inafikika ndani ya ofisi tu. Juzi imerudi moja: antivirusi haijasasishwa tangu Oktoba, na mafolda yote kwenye flashi yamegeuka shotikati, dalili ya virusi. Mashine hiyohiyo ina majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti za benki. Kwa kweli sikulala. Ikiibwa kwenye basi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatugusa moja kwa moja, na wakulima wale walituamini.

Nimefikiria BitLocker (ya Windows, inayofunga data za diski ili mwizi asizisome), ila nusu ya mashine zina Windows Home, ambayo haina BitLocker kamili. VPN nayo, yaani njia salama ya kuunganisha mashine na mtandao wa ofisi ukiwa mbali, inakatika kila mtandao ukiyumba. Je, nihamishie usimamizi kwenye wingu (seva za mtandaoni), masasisho yashuke kupitia intaneti yoyote? Aliyewahi kufanya hivyo kwa bajeti ndogo, naomba anielekeze nianzie wapi.