Namba ya mbele kwenye mfuatano: a + (n − 1)d au dn + c?

MamaWawili_Umoja
Habarini wanajamvi. Binti yangu wa kidato cha tatu amekwama kwenye mifuatano. Nikamtolea mfano wa chama chetu: wiki ya 1 unaweka shilingi 200, kila wiki unaongeza 50. Wiki ya 52 je? Yeye kapata 2,800. Mimi nimeorodhesha kijitabu kizima, nikafika 2,750. Shuleni wamepewa a + (n − 1)d (a ni namba ya kwanza, d ni nyongeza ya kila mara, n ni ya ngapi, hapa wiki), jirani naye anamwonyesha dn + c. Nishike ipi?

MwalimuWaJioni
Ya shuleni, mama. Wiki ya kwanza 200 bado haijaongezwa kitu. Mwambie afikirie ua: nguzo 52, nafasi katikati yake ni 51. Hiyo (n − 1) ndiyo nafasi. 200 + 51 × 50 = 2,750.

KondaMstaafu
Mimi niko na jirani. Rudi nyuma wiki moja, kwenye wiki ya sifuri: 200 − 50 = 150, hiyo ndiyo c. Basi kanuni ni 50n + 150, kwisha. Hakuna mabano ya kusahau.

MwalimuWaJioni
Konda, wengi huweka 200 hapo kwenye c. 50 × 52 + 200, tunarudi kwa 2,800 ile ile.

MamaWawili_Umoja
Weee! Ndivyo alivyofanya, nimeona kwenye daftari.

MwekaHazina254
Ukitaka kurudi kinyume, ya Konda ni nyepesi. Kwetu tunachanga hivyo hivyo, na mtu alituma 1,525. Toa 150, gawa 1,375 kwa 50: 27.5. Wiki ya 27 na nusu iko wapi? Ya 27 ni 1,500, ya 28 ni 1,550. Kumbe 25 ilikuwa deni la mandazi.

Kadogo_Kayole
Na namba zikishuka? Nina deni la friji 18,000, nalipa 750 kila wiki.

KondaMstaafu
d ni −750. Hapo sifuri ipo kweli, ni deni kabla hujalipa: 18,000 − 750n. Wiki ya 24 umemaliza.

MamaWawili_Umoja
Amejaribu wiki ya 40 kwa njia zote mbili, 2,150. Ameshika ya nguzo. Sasa anauliza jumla ya mwaka.

MwalimuWaJioni
Ya kwanza na ya mwisho, 200 + 2,750 = 2,950. Ya pili na ya pili kutoka mwisho, hivyo hivyo. Jozi kama hizo ziko 26: 2,950 × 26 = 76,700.

MamaWawili_Umoja
Usimwambie baba yake.