Mjadala: Kimondo kinalia papo hapo, au masikio yanadanganya?

Nyakach_Redio: Wapo wanaosikia "tsss" kama kitunguu kwenye mafuta palepale wanapoona kimondo. Kiko kilomita 80 juu. Sauti hewani ingechukua zaidi ya dakika 4. Kimondo cha Chelyabinsk, Urusi, 2013: mshindo ulichelewa, watu wakasogelea madirisha kuchungulia, vioo vikawakata. Basi huo mlio unaletwa na mawimbi ya redio, yanayofika papo hapo. Mwanasayansi Keay wa Australia alieleza tangu 1980: mkia wa plazma (gesi moto yenye chaji za umeme) unakunja uga wa sumaku wa dunia, ukifyatuka unatoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana. Mabati au majani makavu yanayageuza kuwa sauti.

Sotik_Mwanga: Redio gani? Ni mwanga. Watafiti Spalding na wenzake, 2017: kimondo kinachong'aa kama mwezi mpevu kikipepesa upesi, nywele na nguo nyeusi zinapata joto na kupoa, hewa iliyo kando inatikisika. Mabati yanarudisha mwanga, hayatoi kitu. Mwenye kipara naye hasikii, ha!

Nyakach_Redio: Kipara kimeingiaje hapa? Pima, usicheke watu. Kunasa mawimbi hayo: antena ya waya mita 2, transista ya FET (ya kukuza mawimbi hafifu) mbele, kinasa sauti. Kaa nusu kilomita kutoka nyaya za umeme, la sivyo utarekodi mngurumo wa hezi 50 usiku kucha.

Bondeni_FM: Na radi je, mzee? Huku ziwani na Kericho radi haziishi, na kila moja inatema mawimbi hayohayo. Utangoja kimondo upate "tak, tak". Afadhali FM: chagua masafa matupu kwako yenye kituo kikali Dar, kama kilomita 900. Usiku wa Geminidi, mvua ya vimondo ya kila mwaka, 13 kuamkia 14 Desemba, kuanzia saa 8: muziki ukizuka nusu sekunde ukakatika, mkia wa ioni (chembe zenye chaji) wa kimondo umeuakisi.

Lanet_Kijana: Ndiyo maana shimo la Menengai, Nakuru, lilichimbika! Kimondo na umeme wake.

Bondeni_FM: Weee! Menengai ni kaldera. Volkano ilitapika, chumba cha magma (mawe yaliyoyeyuka) chini yake kikabaki na nafasi, paa likaporomoka. Ule mvuke unaochimbiwa visima unatoka kwa kimondo gani?

Lanet_Kijana: Mbona ni mviringo?

Sotik_Mwanga: Sufuria pia.

Nyakach_Redio: Mviringo wapi? Karibu kilomita 12 kwa 8. Hata hiyo hamjapima.