Naombeni ushauri: niiondoe makala yangu kwenye jarida au niendelee kusubiri?

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza uzamili wa hisabati, na miezi tisa iliyopita nilituma makala ya kurasa 14 kuhusu upakaji rangi wa grafu (kuzipa rangi nukta za mtandao ili zilizounganishwa zisifanane) kwenye jarida moja la nje. Nimemwandikia mhariri mara mbili, jibu ni lilelile: bado iko kwa wahakiki. Kuituma kwingine kabla ya kuiondoa sithubutu, maana majarida hayaruhusu. Natamani niipeleke Electronic Journal of Combinatorics, jarida la hisabati la mtandaoni lililoanzishwa 1994. Mwandishi halipi, msomaji halipi, na mimi ada sina kabisa.

Mliowahi kuchapisha hisabati, miezi tisa ni kawaida? Na barua ya kuiondoa niiandikeje bila kumuudhi mhariri? Nawashukuru sana.