Kurudi kwenye baiskeli baada ya kuvunjika pingili ya mgongo: ya ndani, ya kuegemea au ile ile ya mbio?

Mwendopole

Wanajukwaa, naomba mnisaidie kulinganisha. Nilianguka na baiskeli nikavunjika pingili ya kwanza ya kiuno, yaani L1. Mfupa ulibonyea upande wa mbele, lakini picha zilionyesha kwamba ukuta wa nyuma wa pingili haukuguswa na neva zilikuwa salama, kwa hiyo sikupasuliwa bali nilivalishwa mkanda mgumu wa kuushikilia mgongo. Mkanda umeshavuliwa, na daktari wa mifupa ameniruhusu kuanza kupiga pedali. Ruhusa ninayo, ninachokosa ni uamuzi. Nina njia tatu: baiskeli ya mazoezi ya ndani, ya kukaa wima, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo mtu huiendesha akiwa ameegemea, ambayo rafiki yangu yuko tayari kuniazima, au baiskeli yangu ya mbio, nikiinua usukani wake. Ningependa kusikia hasa tofauti ambazo muuzaji hawezi kumweleza mtu.

Gurudumu

Pole sana, ndugu Mwendopole. Kabla ya kulinganisha baiskeli, tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: mkao, mitikisiko na hatari ya kuanguka tena. Baiskeli ya ndani huondoa mawili ya mwisho, na mkao wake unautengeneza mwenyewe. Ya kuegemea huondoa kuanguka kwa kukosa mizani, lakini mitikisiko inabaki. Ya mbio haiondoi lolote. Unaweza kupunguza tu.

Kwa mfupa uliobonyea mbele, mimi ningeanza na mkao. Mtu anapoupinda mgongo kuelekea mbele, mzigo huhamia upande wa mbele wa pingili, ambako ndiko kwako kulikovunjika. Hata hivyo, kuinama si lazima kuwe kupinda: anayeinamia kwenye nyonga anaweza kuufikia usukani ulio chini kiasi huku mgongo wake ukiwa umenyooka. Tatizo ni kwamba baada ya kulala na kukaa kwa muda mrefu, misuli ya nyuma ya mapaja hukaza, nyonga huvutwa nyuma, na kazi yote ya kuinama huangukia kiuno. Ndiyo maana mtu yule yule, juu ya baiskeli ile ile, aliyokuwa akiiendesha bila shida, hujikuta mgongo umepinda kama upinde bila kujijua. Mwombe mtu akupige picha kutoka ubavuni ukiwa umekaa kwenye tandiko. Picha hiyo itakueleza zaidi ya vipimo vyote vya fremu.

Jambo jingine, dogo lakini halisemwi: kupanda na kushuka. Kurusha mguu juu ya tandiko refu huusokota mgongo kuliko kupiga pedali kwenyewe. Ilaze baiskeli ubavuni, vuka fremu kwa mguu mmoja, kisha iinue taratibu kwa kukunja magoti. Kama fremu yako haina bomba la juu, bora zaidi.

Ushauri wangu: anza na ya ndani, usukani ukiwa juu ya kimo cha tandiko.

Pedali Tatu

Ninaiheshimu hoja ya Gurudumu, ila ninaona baiskeli ya kuegemea imepitishwa haraka mno. Mimi ninaiendesha tangu nilipovunjika pingili mbili za kifua. Faida yake kubwa ni kwamba mikono haibebi uzito wowote, shingo haikunjwi kwenda nyuma ili mtu aone mbele, na ukisimama kwenye makutano ya barabara huhitaji kutua mguu chini. Mtu ambaye mizani yake bado haijarudi hupata utulivu ambao magurudumu mawili hayawezi kumpa.

Sasa kasoro zake, kwa kuwa ndizo ulizouliza. Kwanza, ukiwa kwenye tandiko la kawaida na kuona shimo mbele, unainuka kidogo na miguu inalimeza pigo. Kwenye kiti cha kuegemea huwezi kuinuka, hivyo kila pigo linapita moja kwa moja kwenye mgongo. Kiti cha wavu na tairi pana zisizojazwa upepo mwingi husaidia. Kiti kigumu cha plastiki kwenye barabara mbovu ni adhabu. Pili, kiti kikilazwa mno na kikakosa egemeo la kiuno, kiuno hujikunja kwa ndani, na hapo unakuwa umerudi kwenye tatizo lile lile la kupinda ulilokuwa ukilikimbia. Tatu, kiti kiko chini sana. Kukaa ni rahisi, kuinuka ndiko kwenye kazi, hasa asubuhi. Kabla ya kuiazima, jaribu kuinuka kutoka kwenye kigoda kifupi bila kuinamisha kiuno. Ukishindwa, bado ni mapema.

Na tafadhali, miguu ifungwe vizuri kwenye pedali. Mguu ukiteleza na kugusa ardhi huku baiskeli ikiendelea kwenda, huvutwa chini ya kiti, na majeraha yake si ya mchezo.

Mnyoosha Viungo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na niseme mapema kwamba ninazungumza kwa ujumla; siwezi kusoma picha zako kutoka hapa. Pingili za T12, yaani ya mwisho ya kifua, na L1 huvunjika mara nyingi kwa sababu hapo ndipo sehemu ya mgongo iliyoshikiliwa na mbavu hukutana na ile inayonyumbulika. Mivunjiko imara ya kubonyea kwa kawaida huunga ndani ya wiki 8 hadi 12, lakini mfupa kuunga na misuli kuwa tayari ni mambo mawili tofauti. Misuli midogo inayoishikilia pingili moja na nyingine hudhoofika mgongo usipotumika, na mkanda ukivuliwa inatakiwa ifundishwe kazi upya.

Kwa hiyo swali langu si baiskeli ipi, bali unaweza kukaa wima bila kuegemea kwa muda gani kabla kiuno hakijaanza kuchoka. Muda huo uwe mpaka wako wa mazoezi ya kwanza, hata kama miguu inataka kuendelea. Tumia gia nyepesi na uzungushe pedali haraka kiasi. Gia nzito humfanya mtu avute usukani na kuyumbisha nyonga. Uchovu wa misuli unaoisha kufikia kesho yake unavumilika. Maumivu makali ya mahali pamoja juu ya mfupa, au yanayozidi siku hadi siku, ni sababu ya kusimama na kumwona daktari. Ukipata ganzi kwenye makalio au sehemu za siri, miguu ikilegea, au ukishindwa kuzuia haja, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Niongeze moja kwa wote wanaosoma: kama mfupa ulivunjika kwa kuanguka kudogo, omba upimwe msongamano wa mifupa. Kuendesha baiskeli ni kuzuri kwa moyo na mapafu, lakini hakuijengi mifupa ya mgongo, kwa sababu uzito wa mwili hubebwa na tandiko. Kutembea na mazoezi ya nguvu viendelee sambamba.

Kilima

Nitaitetea baiskeli ya mbio kidogo, maana naona imekosa wakili. Si lazima itoke nje. Ifunge kwenye kifaa cha kuendeshea ndani, na utakuwa na tandiko ambalo mwili wako tayari unalijua. Kinachobadilika ni usukani: tumia kipande cha kuushikilia usukani kilicho kifupi na kinachopanda juu, au badilisha usukani uliopinda kwa ule ulionyooka. Ukifika wakati wa kutoka, weka tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu na upunguze upepo. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza mitikisiko.

Tahadhari moja: baiskeli iliyofungwa haiyumbi, na hakuna kona wala mteremko wa kukulazimisha ubadilishe mkao. Mtu hukaa vile vile kwa muda mrefu kuliko ambavyo angekaa barabarani. Weka saa ikukumbushe kusimama juu ya pedali, au ushuke kabisa utembee.

Halafu, watu watakutajia Annemiek van Vleuten, mwendesha baiskeli wa Uholanzi aliyevunjika pingili tatu za kiuno kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa mbio za kupimwa muda. Watakutajia pia Egan Bernal, mwendesha baiskeli wa Kolombia aliyeligonga basi lililosimama mnamo Januari 2022, akavunjika pingili za mgongo na mfupa wa paja, na Agosti mwaka huo huo akawa amerudi mashindanoni. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini nyuma yao kuna madaktari na wataalamu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, na mivunjiko yao si wako. Usichukue kalenda ya mtu mwingine.

Mwendopole

Nashukuruni nyote. Nimepiga ile picha ya ubavuni aliyoishauri Gurudumu, nikiwa juu ya baiskeli ya mbio, na mgongo umepinda waziwazi hata usukani ulipoinuliwa. Hiyo imemaliza mjadala kwa sasa: ninaanza na ya mazoezi, usukani ukiwa juu, huku nikinyoosha misuli ya mapaja. Kuhusu kigoda, nimeinuka, ila kwa kushika meza, kwa hiyo rafiki yangu atangoje na magurudumu yake matatu. Swali la mwisho: je, baiskeli ya umeme ingekuwa na nafasi baadaye?

Gurudumu

Ina nafasi kubwa, kwa sababu mota hukuwezesha kupanda mlima kwa gia nyepesi bila kuuvuta usukani, na ukichoka katikati ya njia una namna ya kurudi nyumbani. Chagua yenye fremu ya kuvuka chini na usukani wa kukaa wima. Angalia uzito tu: nyingi huzidi kilo 20, na kuipandisha ngazi au kuipakia kwenye gari ni kuinama na kusokota mgongo kwa wakati mmoja. Betri nyingi huchomoka, hivyo ichomoe kwanza, na hata hapo fremu mwachie mwingine aibebe.